Tulilipima Likiwa Tupu

Ndugu msomaji, mwenye kusafiri na mzazi mtu mzima katika nchi yetu hii anaijua taabu ya kulala njiani. Nyumba za wageni zipo katika kila mji, lakini nyingi katika zile ambazo mifuko yetu inazimudu zimepakana na baa. Muziki hauzimwi mpaka usiku wa manane, choo ni cha pamoja, na mtu hajui shuka alilotandikiwa limelaliwa na nani usiku uliotangulia. Mama yetu mzazi, aliyetimiza miaka 71, aliingia katika nyumba ya namna hiyo mara moja tu, na usiku kucha alikaa kwenye kiti mpaka aliposikia adhana ya Alfajiri. Tangu siku hiyo alisema hatalala tena njiani. Na kwa kuwa magoti yake hayamruhusu kukaa garini kutwa nzima mfululizo, kauli hiyo ilikuwa na maana moja tu: hatamwona tena dada yake aliyeko Kondoa.

Kutoka Dar es Salaam mpaka Kondoa ni safari ya takriban kilomita 600. Mama mkubwa amekwisha kupita miaka 80 na hatoki tena kijijini kwake. Kila alipopiga simu, mazungumzo yalikuwa ni yale yale. Wataulizana hali, watatajiana waliofariki, kisha mama mkubwa atauliza, "Sasa unakuja lini?" Na mama yetu atajibu, "Inshallah." Sisi tuliokuwa tukisikiliza pembeni tulijua kwamba neno hilo tukufu lilikuwa linatumika kufunika udhaifu wetu.

Sisi ni watatu: ndugu wawili wa tumbo moja na shemeji aliyemwoa dada yetu. Mmoja wetu, ambaye ndiye anayeandika maneno haya, ni katibu wa kamati ya msikiti wa mtaa wetu. Hakuna kati yetu aliyewahi kushika randa. Tuliyoyafanya baada ya hapo tumeombwa na wengi tuyasimulie, na tumeona ni bora kuyaandika yote, pamoja na kosa letu, kuliko kusifiwa kwa nusu ya habari.

Fikra yenyewe ilitoka mbali. Binamu yetu anayeishi Ohio, Marekani, alitutumia picha ya kitu alichokikuta uani kwa jirani yake: kijumba cha mbao chenye magurudumu mawili, kidogo kuliko gari, kikiwa na mlango ubavuni na mfuniko mkubwa nyuma. Mbele kina mviringo, nyuma kimeteremka, na ukikitazama kwa ubavu kina umbo la tone la maji lililolala. Ndani hamna nafasi ya kusimama. Ni kitanda tu. Jiko na vyombo vimo nyuma, chini ya ule mfuniko, na mpishi husimama nje. Wamarekani walianza kujiundia matela ya namna hii katika miaka ya 1930, nyakati za mdororo mkubwa wa uchumi, na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia yakaenea zaidi. Mwaka 1947 jarida la kwao la Mechanix Illustrated lilichapisha ramani ili kila mwenye msumeno na subira aweze kujiundia lake.

Kilichotuvutia zaidi ni vipimo. Matela mengi ya aina hii yana upana wa futi 4 na urefu wa futi 8, kwa sababu hivyo ndivyo vipimo vya ubao mmoja wa plaiwudi. Na ubao huo wa futi 4 kwa 8 ndio huo huo unaouzwa Keko leo hii. Isitoshe, godoro la futi 4 kwa 6, ambalo limo katika nusu ya nyumba za mji huu, linaingia humo bila kukatwa.

Tulimpelekea picha hiyo mzee mmoja wa mtaani, fundi seremala aliyestaafu, ambaye ujanani alijifunza kazi kwa waunda mashua. Tulimwamkia, akaitika, akaishika simu mbali na macho kama wafanyavyo wazee, akaitazama kwa muda mrefu.

"Hiki ni kitanda chenye paa," akasema. "Mnataka kumlaza nani?"

Tukamwambia.

"Basi nitakuja. Lakini mimi nitakaa kwenye kiti. Mikono iwe yenu."

Habari zilipoenea msikitini, baadhi ya ndugu walituuliza kwa upole kama huu si uzungu, na kama fedha hizo zisingefaa kwa jambo jingine. Swali hilo halikutuudhi. Gharama yote, tukiunganisha chuma, mbao, magurudumu na usajili, ilikaribia bei ya pikipiki moja mpya, tukaigawa kwa nyumba tatu. Lililotuudhi lilikuja baadaye. Kulikuwa na mbao mbili za plaiwudi zilizobaki baada ya ukarabati wa madrasa, zimeegemezwa stoo, zimeanza kupinda kwa unyevu. Mzee wetu, kwa nia njema kabisa, alishauri tuzinunue kwa bei ya nusu kabla hazijaharibika. Tulikataa. Mali ya wakfu haiuzwi na katibu kwa katibu, hata kama bei ni halali na risiti ipo. Pamoja na hayo, haikupita wiki mbili tukasikia ya kwamba tela la katibu linajengwa kwa mbao za madrasa. Hatukujibu kwa maneno. Baada ya swala ya Ijumaa tulimwomba mwenyekiti awafungulie stoo waliotaka kuona, na zile mbao mbili zilikuwepo pale pale, zimepinda zaidi. Wiki iliyofuata kamati ilikaa, ikaamua zitumike kutengeneza rafu za misahafu kabla hazijafaa kwa kuni. Jambo hilo lingepaswa kufanyika miezi sita nyuma, na lawama ya kuchelewa ni yetu.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe.

Tulianza na chuma. Fremu iliundwa na fundi wa kuchomelea huko Gerezani kwa mabomba ya mraba ya milimita 50, na mbele yake ikatoka shingo ya pembetatu inayoishia kwenye kikombe cha chuma. Kikombe hicho ndicho kinachokaa juu ya tufe lililofungwa nyuma ya gari. Ekseli na springi tulizinunua kuukuu, zimetoka kwenye gari dogo la mizigo. Mzee alipoziona springi alitikisa kichwa. Zilikuwa na majani mengi mno. Gari la mizigo lina uzito, alisema, lakini kijumba chenu ni chepesi, mkiziacha hivi kitarukaruka kila penye tuta mpaka gundi iachie. Akaamuru majani mawili yaondolewe kila upande. Ekseli yenyewe hatukuiweka katikati. Iliwekwa nyuma kidogo ya nusu, ili upande wa mbele uwe mzito kuliko wa nyuma na shingo ilale juu ya gari. Juu ya jambo hili tutarejea, maana ndilo lililotaka kututoa roho.

Sakafu ni plaiwudi ya milimita 18, tumbo lake likapakwa lami mara mbili kuzuia maji ya barabarani. Kuta ni plaiwudi ya milimita 12. Hapa mzee alitufundisha jambo ambalo lilitufurahisha kuliko yote. Sisi tulikuwa tunahangaika na rula na bikari, tukitafuta namna ya kuchora ule mviringo. Yeye akaomba ufito mwembamba wa paina, mrefu kama futi 10, usio na kifundo hata kimoja. Akapiga misumari michache juu ya ubao, akaupinda ufito kati ya misumari hiyo, akarudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja. Akasogeza msumari mmoja upana wa kidole. Akatazama tena. "Sasa chora," akasema. Ufito ukipindwa hukataa kona, hutoa mstari mmoja laini toka mwanzo hadi mwisho, na ndivyo, alituambia, ubavu wa mashua unavyotazamwa. Mbao mbili za kuta zilifungwa pamoja na kukatwa kwa mkato mmoja ili upande wa kulia usitofautiane na wa kushoto. Kisha kuta zikafungwa kwenye ubavu wa sakafu, kwa nje. Zingesimama juu yake, upana wa ndani ungepungua, na godoro lisingeingia.

Kati ya ukuta na ukuta tulipitisha papi za mbili kwa mbili, zile za paina zilizotiwa dawa, zikiwa zimefuata mviringo wa paa. Halafu tukafika kwenye paa lenyewe, na hapo tulipoteza ubao mmoja mzima. Tulichukua plaiwudi ya milimita 6, tukaiweka juu, tukaanza kuikandamiza ifuate mviringo wa mbele. Ikalia kama risasi na kupasuka katikati. Mzee hakusema neno, akaendelea kunywa kahawa yake. Tulipomwuliza kwa nini hakutuonya, akajibu kwamba tungemwuliza kabla angetuambia.

Plaiwudi ina nyuzi, na inapinda kwa urahisi zaidi pale ambapo nyuzi za uso wake zinalala sambamba na papi kuliko pale zinapokimbia kufuata mviringo. Tena, mbao mbili nyembamba za milimita 3 zilizogundishwa moja juu ya nyingine hupinda vizuri kuliko moja nene, na zikishakauka zinashika umbo bila kutaka kurudi. Kwa hiyo tulinunua upya, tukalowesha kwa mataulo ya maji ya moto, tukaziacha zimefungwa kwa kamba usiku kucha, asubuhi zikawa zimetulia kama mkate juu ya chungu. Juu ya paa tulibandika turubai la pamba kwa gundi, likavutwa mpaka likakaza, likapakwa rangi ya mafuta mara nne. Mpaka leo hatujapata tone la maji ndani, isipokuwa pembeni mwa dirisha moja ambalo tulilifunga kwa haraka tukiwahi Magharibi.

Jiko la nyuma tulilichora sisi wanaume, likavunjwa na dada yetu. Alisimama pale, akajifanya anakoroga, akafungua sanduku la viungo lisilokuwepo, akauliza, "Sufuria la moto nalitua wapi?" Hatukuwa na jibu. Akauliza tena kwa nini rafu ya juu inamfikia shemeji yetu na haimfikii mama. Tukabomoa. Sasa meza ina ubao unaochomolewa kama droo, rafu ya juu imeshushwa, na madumu ya maji yamepewa nafasi ya chini kabisa, nyuma kabisa, ili mtu atie udhu bila kuinama ndani. Palikuwa mahali pazuri pa madumu. Msomaji alikumbuke hilo.

Jambo moja tulilitilia mkazo tangu mwanzo, na tunaliomba kwa kila atakayetamani kutuiga. Ndani ya kijumba hiki hakiingii kitu chenye moto, iwe jiko la mkaa, taa ya mafuta au gesi. Kila mwaka wa baridi kali tunasikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani wakakutwa wamekufa bila jeraha. Hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi, na chumba cha futi 4 kwa 8 ni kidogo kuliko bafu. Tumeweka matundu mawili ya hewa, moja chini karibu na mlango na jingine juu upande wa pili, na hayana kifuniko kinachoweza kufungwa kwa ndani. Mama alilalamika kuhusu baridi. Tukamwongezea blanketi.

Kazi ilipokamilika, baada ya miezi minne ya jioni na siku za mapumziko, mzee alitaka lipimwe. Kwa mnunuzi wa vyuma chakavu tulipima gurudumu moja moja pamoja na shingo, tukapata jumla ya kilo 330. Kisha mzee akasema shingo peke yake ipimwe kwa makini zaidi. Kanuni ni kwamba ile ncha ya mbele inayolala juu ya gari ibebe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela. Tulimwendea kijana anayekaa nje ya msikiti na mizani yake, yule anayepima uzito wa wapita njia. Tukaweka mizani yake chini ya shingo. Ikasoma 45. Kijana akatutoza shilingi mia mbili na kututangazia mbele za watu kwamba tela letu lina afya njema.

Tulifurahi sana siku ile. Tela lilisajiliwa, likapata kadi na namba yake, taa za breki na za kuonyesha upande zikafungwa, minyororo miwili ya usalama ikapita chini ya shingo. Mzee alitupa wasia miwili tu. Wa kwanza: asipande mtu yeyote humo ndani gari likiwa linakwenda, hata akiwa mgonjwa. Wa pili: "Likianza kutikisa mkia, usikanyage breki. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani unyooke, na usiligombeze. Litachoka lenyewe."

Tuliondoka Jumamosi baada ya swala ya Alfajiri, watu watano garini: mama, dada, mjukuu wa miaka tisa, shemeji, na mwandishi wa makala hii akiwa kwenye usukani. Kibaha tukapita, Chalinze tukapumzika, Morogoro tukafika Adhuhuri. Tulikaribishwa na rafiki tuliyesoma naye chuo, mwenye vyumba viwili na watoto sita, na kwa mara ya kwanza hatukuwa mzigo kwake. Wanawake na mtoto walilala kwenye tela uani, mlango umefungwa kwa ndani, sisi tukalala barazani. Asubuhi mama alisema hakuamka hata mara moja. Sisi tulikuwa tumeamka mara tatu kumsikiliza.

Kisha tukafanya yale ambayo kila msafiri hufanya. Tukiwa Morogoro tulinunua kilo 25 za mchele kumpelekea mama mkubwa. Tukajaza madumu yote matatu ya lita 20, maana tuliambiwa mbele maji ni ya shida. Tulipofika Dumila, dada akaona vitunguu vya bei nzuri, tukachukua gunia dogo. Vyote hivyo tuliviweka nyuma, kwenye jiko, mahali palipoandaliwa kwa ajili yake, juu ya mtungi wa gesi na vyombo vilivyokuwemo tayari. Hakuna aliyepima. Tela lilikuwa limekwisha kupimwa.

Hapo ndipo mama alipoomba ajinyooshe kidogo kitandani mwake. Magoti yalikuwa yamevimba. Tulimkatalia kwa adabu. Aliomba mara ya pili, tukamkatalia. Mara ya tatu alisema, "Wanangu, barabara ni ya lami, na mimi nimechoka," na tunakiri kwamba tulitazamana. Barabara kweli ilikuwa nzuri. Dada ndiye aliyesema hapana, akampa mapaja yake alazie miguu.

Katika miteremko iliyo kati ya Dumila na Gairo, tukiwa katika mwendo wa kama kilomita 80 kwa saa, basi lilitupita. Upepo wake ulilisukuma tela. Tukaliona kwenye kioo likienda kulia, likarudi kushoto, likaenda kulia zaidi ya mwanzo, na kila lilipokwenda lilivuta mgongo wa gari nalo. Usukani ukawa mwepesi mikononi kama si wa gari. Mara ya nne gurudumu la tela lilitoka kwenye lami na kurusha changarawe. Mguu ulitaka kukimbilia breki. Ulikuwa umekwisha kuinuka. Lakini sauti ya mzee na kile kiti chake ilikuwa karibu kuliko sauti za waliokuwa wakipiga takbira garini, tukatoa mguu kwenye mafuta, tukashika usukani ukanyooka, tukaacha. Likatikisika mara tano au sita tena, kila mara chini ya ile iliyotangulia. Likatulia. Lori lililokuwa linapanda kutoka mbele likatupita dereva wake akipiga honi, na tulikuwa bado tuko upande wetu wa barabara kwa uwezo wake Mola.

Tulisimama pembeni. Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Mama alikuwa na tasbihi yake mkononi. Alipoimaliza aliuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ningekuwa humo ndani?"

Hatukuweza kumjibu.

Tulikwenda taratibu, kilomita 40 kwa saa, tukipigiwa honi na kila mtu, tukapita Gairo, mpaka Kibaigwa. Msomaji aliyewahi kupita njia hiyo anajua kwamba Kibaigwa ni soko la mahindi, na penye mahindi pana mizani. Mfanyabiashara mmoja mtu mzima alituona tukilizunguka tela kama watu waliopotelewa, akauliza tunauza nini. Tulipomweleza, alituita na kutusogezea mizani yake ya magunia. Tukaweka gogo juu yake, tukashusha shingo juu ya gogo.

Kilo 9.

Tulipima na vilivyobaki, kimoja kimoja, tukajumlisha. Tela pamoja na shehena lilikuwa na uzito wa karibu kilo 480. Shingo ilipaswa kubeba si chini ya kilo 48. Mzee mwenye mizani, ambaye hajawahi kuona tela la kulala maishani mwake, alituelewesha kuliko sisi tulivyokuwa tumeelewa. Aliuliza kama tumewahi kuvuta mkokoteni. Mvuta mkokoteni akipakiwa mzigo mbele, mikono inamlemea, anachoka, lakini unamtii. Akipakiwa nyuma, mikono inamnyanyua, na kwenye mteremko si yeye tena anayeuongoza. Madumu yetu, mchele wetu na vitunguu vyetu vilikuwa vimekaa nyuma ya magurudumu, vikiinyanyua shingo kutoka kwenye gari, na gari lilikuwa limebaki kushikilia kitu ambacho hakikuwa tena na sababu ya kulifuata.

Tulihamisha madumu mawili na mchele, tukaviweka mbele kabisa ya chumba, chini ya miguu ya godoro, tukavifunga kwa kamba. Mizani ikasoma 61. Kazi nzima ilichukua chini ya nusu saa. Tulimuuliza mzee tumlipe nini, akasema tumwachie vitunguu viwili.

Usiku ule tulilala Kibaigwa kwa idhini ya imamu wa msikiti mmoja wa hapo, uani mwa msikiti. Mama alitia udhu kwa dumu lililobaki nyuma, akaswali Magharibi na Isha kwa kuzikusanya, akaingia chumbani kwake. Sisi hatukulala sana. Tulimpigia simu mzee wetu wa Dar es Salaam tukamweleza yote. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema kosa ni lake pia, kwa sababu aliyapanga madumu kwa macho ya mpishi na hakuyapanga kwa macho ya dereva. Hatukukubaliana naye. Yeye alituambia tupime. Aliyedhani kwamba kupima ni mara moja ni sisi.

Kesho yake, kwa mwendo usiozidi 70, tulipita Dodoma na kushika njia ya Kondoa. Magari makubwa yalitupita, mengine kwa kasi ya kutisha, na tela lilitufuata kama kivuli. Jioni tuliingia kijijini. Mama mkubwa alikuwa ameketi mlangoni tangu Adhuhuri, tuliambiwa, na alikuwa amekataa chakula. Yale ya kukutana kwao hatutayaandika. Tutasema tu kwamba chumba kilikuwa kimeandaliwa, kitanda kimetandikwa shuka mpya, na wote wawili walikikataa. Mama mkubwa alitaka kuona hicho kijumba alichokisikia kwenye simu. Aliingia kwa kusaidiwa, akapapasa dari, akagonga ukuta kwa kidole kama anavyogongwa mtungi sokoni, akalala. Kikongwe wa miaka 80 na mdogo wake wa miaka 71 walilala humo usiku nne mfululizo, wakizungumza Kirangi mpaka saa nane, na mjukuu akahamishiwa kwenye shuka mpya.

Sasa tela lipo uani kwa mzee, limefunikwa. Ule mlango wa kulia ulivimba kwa umande wa Kondoa ukawa unakwaruza, mzee ameupiga randa. Sehemu ya madumu dada ameihamishia mbele, kwenye sanduku la chini linalofunguliwa kwa nje, na anaendelea kunung'unika kwamba sasa ni mbali na jiko. Tumenunua mizani ndogo inayokaa garini. Wapo ndugu wanne walioomba kuliazima, na tumekubaliana kwamba atakayelichukua atalipima mbele yetu likiwa limepakiwa kila kitu, pamoja na zawadi, na atalipima tena popote atakaponunua kitu njiani. Ndugu mmoja amesema masharti hayo ni mengi, akaahirisha.

Ramani yenye vipimo vyote iko kwa mzee. Anayetaka kuinakili amwendee baada ya swala ya Asri, aende na karatasi kubwa, na asisahau kumwuliza kabla hajakata.